Uzi: Kuipima Mshtarii kwa miezi yake, na habari nyingine za sayari jitu nne

SaaYaIo

Wakuu, heshima kwenu.

Sayari nne za nje, yaani Mshtarii (wengi tunaiita Jupita), Zohali, Uranusi na Neptuni, hazina ardhi ya kukanyaga. Ukizama ndani yake gesi inazidi kubanwa mpaka inakuwa kimiminika, wala hakuna mahali pa kusema hewa imeishia hapa. Ndiyo maana mambo mengi ya msingi hayakupatikana kwa kuzitazama zenyewe bali kwa kutazama miezi yake. Uzito wa sayari, mlalo wa mhimili wake, hata fujo zilizopita zamani sana, mashahidi ni miezi. Naomba uzi ukae kwenye hoja hiyo, na tuanze na kazi ya mikono: kuipima Mshtarii kwa darubini ndogo.

Darubini yenye lenzi ya mbele ya milimita 70 na urefu wa fokasi wa milimita 700 inatosha. Lenzi ya jicho ya milimita 25 inakupa ukuzaji wa mara 28, ya milimita 10 inakupa mara 70. Ya kwanza ni ya kutafutia, ya pili ya kupimia. Kwa ukuzaji wa 70, Mshtarii ikiwa karibu na Dunia huonekana kubwa kuliko Mwezi wetu kwa macho matupu, na ile miezi minne aliyoiona Galileo Januari 1610 inajipanga pembeni yake karibu kwenye mstari mmoja.

Rula yako ni kipenyo cha sayari kwenye ikweta, kilomita 142,984. Ukihesabu kutoka katikati ya Mshtarii, Io hufika mbali kabisa kwa vipenyo 2.95, Europa 4.7, Ganymede 7.5 na Callisto 13.2. Kila unapotazama, chora mstari, weka sayari katikati, tia nukta za miezi kwa kukadiria vipenyo, kisha andika tarehe na saa mpaka dakika. Michoro ikishakuwa ya wiki tatu, iweke kwenye grafu: muda chini, umbali pembeni. Kila mwezi utachora wimbi lake. Kutoka kilele hadi kilele ndio muda wa mzunguko (T), na kimo cha wimbi ndio umbali kutoka sayari (a).

Kisha kanuni ya uzito wa sayari (M):

M = 4π²a³ ÷ (G × T²)

G ni namba ya mvutano, 6.674 × 10⁻¹¹, umbali kwa mita, muda kwa sekunde. Kwa Io, a ni 4.217 × 10⁸ na T ni saa 42 na dakika 27 na nusu, yaani sekunde 152,850. Jibu ni kilo 1.90 × 10²⁷, ambazo ni Dunia 318.

Makosa mengi yanaingilia kwenye umbali, kwa sababu umepandishwa kipeo cha tatu. Ukikosea a kwa asilimia 5, uzito unakosea kwa karibu 16. Kuna na kosa la kizembe zaidi: kioo cha pembe kinachowekwa kabla ya lenzi ya jicho hugeuza kushoto kuwa kulia, na darubini ya vioo ya Newton hugeuza juu-chini na kushoto-kulia kwa pamoja. Ukibadilisha kifaa katikati ya kazi bila kuandika, nusu ya nukta zako zinahamia upande usio wao na wimbi linavunjika.

---

Kimondo

Mkuu umemaliza, ila kuna mtego haujautaja, na unawanasa wengi. Ukitazama mara moja tu kila usiku, saa ileile, Io itakudanganya.

Mzunguko wake ni saa 42.5. Kipimo kimoja kila saa 24 ni haba, maana kulishika wimbi lolote unahitaji zaidi ya vipimo viwili kwa kila mzunguko, na hapa huna hata viwili kamili. Nukta zako zitakaa vizuri kabisa kwenye wimbi la siku 1.77, na zitakaa vizuri vilevile kwenye wimbi la siku 2.30. Grafu haitakuonya. Ukichukua la 2.30 unapata kilo 1.1 × 10²⁷, pungufu kwa asilimia 41, na utabaki unalaumu darubini.

Dawa ni kutazama mara mbili usiku mmoja, saa tatu au nne katikati. Io hukimbia kilomita 17.3 kwa sekunde, kwa hiyo ikiwa jirani na sayari inasogea karibu nusu ya kipenyo cha Mshtarii kwa saa moja. Utaona inakoelekea, na ubishi unaisha. Asiye na nafasi hiyo aiache Io, atumie Callisto: siku 16.7, mwendo wa pole, na umbali mkubwa unaopimika bila taabu.

---

BintiFalaki

Kaka SaaYaIo, hapo kwenye rula nina neno. Kilomita 142,984 umezitoa kitabuni. Waliozipata walikwenda na vyombo vya anga, kwa hiyo kazi yote inaegemea jibu la mtu mwingine. Tunaweza kuipunguza hiyo.

Zima mota ya stendi (kama ipo) uiache anga ipite yenyewe. Anga kwenye ikweta yake (mstari ulio juu ya ikweta ya Dunia) husogea sekunde 15 za tao kwa kila sekunde ya saa; sekunde ya tao ni sehemu 1 ya 3,600 ya digrii. Sayari ikiwa mbali na ikweta ya anga, zidisha 15 kwa kosaini ya digrii za umbali huo; programu yoyote ya ramani ya nyota inazionyesha. Sasa pima muda kati ya katikati ya Mshtarii kugusa ukingo wa uwanja wa lenzi na Callisto kugusa ukingo uleule.

Msijaribu kupima diski yenyewe kwa njia hii. Mshtarii ikiwa umbali wa kilomita milioni 628 ina sekunde 47 za tao, inapita kwa sekunde tatu tu za saa, na kidole kikichelewa sehemu mbili za kumi za sekunde umeshakosea asilimia 6 kabla ya kupandisha kipeo. Callisto ikiwa mwisho wa safari yake iko karibu sekunde 620 za tao kutoka katikati, inachukua sekunde zipatazo 41 za saa. Kosa lilelile la kidole linakuwa nusu ya asilimia moja.

Ila ujanja huu unapima mashariki-magharibi peke yake. Mstari wa miezi unaweza kuinama mpaka digrii 25 hivi kulingana na sehemu ya anga ilipo sayari. Gawanya kwa kosaini ya pembe hiyo, la sivyo umbali unapungua kwa karibu asilimia 9 na uzito kwa robo nzima.

---

SaaYaIo

Dada BintiFalaki, naipokea. Kilichobaki cha kitabuni ni umbali wa Mshtarii kutoka kwetu siku hiyo, na huo programu hiyohiyo inautoa.

Kwa Zohali mambo ni mepesi zaidi kwa sababu ya Titan. Mng'ao wake ni wa daraja la 8.4 (namba ikiwa kubwa, mng'ao ni mdogo), darubini ya milimita 70 inauona, na mzunguko ni siku 15.95. Ukiwa mbali kabisa unafika mara 4.5 ya upana wa pete kutoka katikati ya sayari. Weka a ya kilomita 1,221,870 utapata kilo 5.68 × 10²⁶. Gawanya kwa ujazo wa Zohali: kilo 687 kwa kila mita ya ujazo, chini ya maji. Sayari nzima ni nyepesi kuliko maji, na hilo unalijua kwa kufuata nukta moja ya rangi ya chungwa.

Pete zilituelekezea ukingo wake kabisa Machi 23, 2025, na tangu hapo zinafunguka kidogo kidogo mpaka karibu 2032. Pete zikiwa nyembamba, Titan inakwenda na kurudi kwenye mstari mmoja, kupima ni rahisi. Zikifunguka, njia yake inaonekana duaradufu na inabidi uvizie siku inapofika ncha ya mashariki au ya magharibi.

---

Obiti

Kabla hamjahama kwa Mshtarii: Io ndiyo iliyotupa habari ya kwanza kwamba mwanga una mwendo. Ole Rømer, 1676. Kupatwa kwa Io kulikuwa kunawahi Dunia ikisogelea Mshtarii na kuchelewa ikijitenga. Tofauti nzima ya kuvuka kipenyo cha njia ya Dunia ni dakika 16 na sekunde 38. Yeye alisema kama dakika 22, lakini wazo lilikuwa sahihi.

Anayetaka kurudia ajue kwamba kabla Mshtarii haijakabiliana na Jua (Dunia ikiwa katikati yao) unaona Io ikiingia kivulini tu, na baadaye unaiona ikitoka tu, kwa sababu upande wa pili unafichwa na sayari. Usichanganye nyakati za kuingia na za kutoka kwenye jedwali moja. Tena Io haizimiki ghafla, inafifia kwa dakika kadhaa; chagua kigezo kimoja, mfano dakika inapopotea kabisa, ukishike mpaka mwisho. Na usibadilishe darubini, kubwa huiona Io kwa muda mrefu zaidi.

---

Kimondo

Tuingie ndani sasa. Kwa nini Io inawaka volkeno?

Io, Europa na Ganymede zimefungana: Io ikizunguka mara nne, Europa inazunguka mara mbili na Ganymede mara moja. Mivuto inarudi palepale kila mara, hivyo njia ya Io haiachwi iwe duara kamili. Ukengeufu wake ni 0.004 tu, lakini Mshtarii ni nzito mno kiasi kwamba kusogea na kurudi nyuma huko kidogo kunaliinua na kulishusha ganda la Io kwa kiasi kinachofikia mita 100. Waya ukiukunja na kuukunjua haraka haraka unapata moto pale kwenye kunjo. Io inakunjwa namna hiyo kila saa 42, bila kupumzika.

Stanton Peale, Patrick Cassen na Ray Reynolds walichapisha hesabu hiyo Machi 2, 1979, wakisema ndani ya Io lazima kuwe kumeyeyuka. Chombo cha anga Voyager 1 kilipita siku tatu baadaye. Machi 9, Linda Morabito, akiwa anakagua picha za kuongozea chombo, aliona wingu pembeni ya mwezi. Lilikuwa vumbi la volkeno. Ni nadra hesabu ikalipwa haraka hivyo.

Joto linalotoka Io ni kama wati trilioni 100. Ligawe kwa eneo lake unapata wati 2.4 kwa kila mita ya mraba. Dunia, kutoka ndani yake, haifiki wati 0.1. Volkeno hai zinapita 400, na Loki Patera peke yake ina upana wa kilomita 200 hivi.

---

Mzingo_Mrefu

Mkuu Kimondo, maelezo hayo ni mazuri kwa Mshtarii lakini yanapwaya Zohalini. Mimas iko karibu na Zohali kuliko Enceladus, na njia yake imekengeuka zaidi: 0.020 dhidi ya 0.005. Kwa hesabu ya kukunja na kukunjua, Mimas ndiyo ingetakiwa kuchemka. Badala yake uso wake umejaa kasoko (mashimo ya kugongwa na mawe ya angani) za zamani, kimojawapo, Herschel, kina upana wa kilomita 130 kwenye mwezi wenye kipenyo cha kilomita 396. Enceladus ndiyo inayorusha maji.

---

Kimondo

Swali zito, na ndilo hasa linalotenganisha maelezo ya darasani na hali halisi. Ukubwa wa kani ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni ulaini wa kitu kinachokunjwa. Barafu iliyoganda mpaka ndani haikunjiki, kwa hiyo haipati joto, kwa hiyo inabaki imeganda. Yenye bahari chini ya ganda inakunjika, inapata joto, bahari inaendelea kuwepo. Miezi miwili ya kufanana inaweza kuishia pande mbili tofauti kutegemea ilianza na nini.

Halafu Mimas si mfu kama ilivyodhaniwa. Februari 2024 timu ya Valéry Lainey ilionyesha, kwa kutumia vipimo vya Cassini, chombo kilichoizunguka Zohali, vya jinsi njia ya Mimas inavyohama, kwamba chini ya barafu ya kilomita 20 hadi 30 kuna bahari, na bahari hiyo haijafikisha miaka milioni 25. Ni changa mno, uso haujapata muda wa kuonyesha dalili.

Kwa Enceladus, anayeushikilia ukengeufu ni Dione: Enceladus mara mbili, Dione mara moja. Bila Dione njia ingeshakuwa duara na chemchemi zingekauka.

---

BintiFalaki

Niongeze kuhusu hizo chemchemi. Enceladus ina kipenyo cha kilomita 504 tu. Cassini ilipopita mwaka 2005, kifaa cha kwanza kushtuka hakikuwa kamera, kilikuwa kipimasumaku: uga wa Zohali ulikuwa unapinda kuuzunguka mwezi huo, kana kwamba una angahewa. Wakaomba chombo kishuke karibu zaidi, ndipo nyufa nne za ncha ya kusini zikaonekana, kila moja karibu kilomita 130, zikirusha mvuke na chembe za barafu. Chembe hizo ndizo zinazoilisha pete E, mojawapo ya pete za Zohali.

Kilichomo kimepatikana kwa kupita ndani ya mnyunyizo wenyewe. Chumvi, maana yake maji yamegusa mwamba. Punje ndogo sana za silika, dalili ya maji moto chini ya bahari. Hidrojeni, ilitangazwa 2017. Fosfeti, 2023. Uzuri wa Enceladus ni kwamba huhitaji kuchimba: bahari inakuletea sampuli nje.

Hiyo ndiyo sababu Cassini ilizamishwa ndani ya Zohali Septemba 15, 2017. Mafuta yalikuwa yanaisha, na chombo kisichoongozeka kingeweza siku moja kugonga Enceladus au Titan kikiwa na vijidudu kutoka Duniani.

---

FundiAntena

Mmefika Cassini, ngoja nieleze kuhusu Huygens, kwa sababu ni somo la redio ambalo kila fundi anapaswa kulijua.

Huygens ilibebwa na Cassini, ikaachiwa Desemba 25, 2004, ikatua Titan Januari 14, 2005. Yenyewe haikuwa na nguvu ya kutuma data mpaka Duniani. Ilituma kwa Cassini iliyokuwa inapita juu, nayo ikahifadhi na kutuma baadaye. Sasa, chombo kimoja kinashuka na parachuti, kingine kinakikimbilia kwa kilomita 5.5 kwa sekunde. Masafa ya redio yanahama kwa athari ya Doppler (vitu vikikaribiana au kuachana, masafa hubadilika), sehemu 18 kwa milioni. Wabunifu walilijua hilo na wakakiruhusu kipokezi kuyafuata masafa. Walichosahau ni kwamba biti zenyewe pia zinafika kwa kasi iliyohama kwa kiwango kilekile. Sehemu ya kusoma biti ilikuwa na nafasi finyu kuliko hapo, na programu yake ilikuwa imechomwa kwenye kifaa: hakuna kuibadilisha ukiwa angani.

Hitilafu ilikamatwa mwaka 2000, chombo kikiwa njiani tayari, kwa sababu mhandisi Boris Smeds alisisitiza wafanye jaribio lenye Doppler kamili. Ishara ya kubeba ilishikwa vizuri. Data zikatoka takataka.

Ufumbuzi haukugusa waya hata mmoja. Walibadilisha njia. Badala ya Cassini kupita kilomita 1,200 kutoka Titan, ikapita kama 60,000, ili wakati wa kupokea iwe inakwenda pembeni ya Huygens zaidi kuliko kuielekea. Mwendo wa pembeni hauhamishi masafa kwa kiasi hicho, biti zikasomeka. Gharama ilikuwa kupanga upya mizunguko ya mwanzo ya Cassini, na mafuta.

Hata hivyo siku yenyewe kulikuwa na jambo jingine. Huygens ilikuwa na mikondo miwili ya redio, A na B. Amri ya kuwasha kipokezi cha A ndani ya Cassini haikuwemo kwenye orodha ya amri. Picha zilikuwa zimegawanywa kati ya mikondo miwili, zikafika 350 badala ya 700. Kipimo cha upepo kilitegemea saa ya redio iliyokuwa kwenye A peke yake, kingepotea chote, isipokuwa darubini kubwa za redio Duniani, Green Bank na Parkes zikiwemo, zilikuwa zinasikiliza mlio wa A moja kwa moja, na upepo ukapatikana kutokana na mlio huo. Vitu viwili vya ziada vikigawana kazi badala ya kurudia kazi ileile, hapo huna ziada tena.

---

Obiti

Na umeme je? Watu huuliza kwa nini hatupeleki paneli za sola kila mahali.

Mshtarii inapata mwanga wa sehemu 1 ya 27 ya tunaoupata sisi, Zohali 1 ya 92, Uranusi 1 ya 369, Neptuni 1 ya 900. Kwa wati: 50, 15, 3.7 na 1.5 kwa mita ya mraba, kabla ya hasara za paneli. Juno, iliyofika Mshtarii Julai 2016, ina paneli tatu ambazo jirani na Dunia zingetoa kilowati 14. Kule zinatoa wati 500 hivi. Europa Clipper, iliyorushwa Oktoba 14, 2024, ikikunjua zake inapita mita 30. Baada ya hapo sola haifai, unahitaji joto la plutoni 238. Nusu-maisha yake ni miaka 87.7, na kwa kuwa vigeuza-joto navyo vinachakaa, kila Voyager ilianza na wati 470 mwaka 1977 na inapoteza karibu 4 kila mwaka.

---

FundiAntena

Tatizo la Mshtarii si mwanga tu, ni mnururisho. Juu ya Europa ni kama sievati 5.4 kwa siku, dozi ya kumuua mtu. Ganymede ni chini ya sehemu moja ya hamsini ya hiyo. Ndiyo maana Clipper haitauzunguka Europa, itaizunguka Mshtarii na kuupitia mwezi huo mara 49: inaingia, inapima, inatoka kwenye mnururisho kwenda kutuma data. Chombo cha Ulaya, JUICE, kilichorushwa Aprili 14, 2023, kitapita Europa mara mbili tu kisha kikazunguke Ganymede, mwezi mkubwa kuliko wote (kilomita 5,268, unaipita sayari ya Utaridi) na wa pekee wenye uga wa sumaku wake wenyewe. Juno vifaa vyake vimefungiwa ndani ya sanduku la titani lenye kuta za sentimita 1.

---

Mzingo_Mrefu

Uranusi na Neptuni mmezisahau, kama kawaida.

Kwanza, kuitwa majitu ya barafu kusimpotoshe mtu. Ni maji, amonia na methani vilivyobanwa vikawa kimiminika cha moto cha maelfu ya nyuzi. Barafu ni jina la asili yake, si hali yake.

Uranusi imelala: mhimili wake umeinama digrii 97.8. Hilo lilijulikana kwa kutazama miezi yake kabla ya chochote, kwa sababu miezi hiyo inazunguka karibu wima ukilinganisha na sayari nyingine. Voyager 2 ilipofika Januari 24, 1986, ncha ya kusini ilikuwa inatazama Jua, na njia za miezi zilikuwa duara ndani ya duara zikiikabili Voyager. Chombo kikapenya mara moja tu, miezi yote ikawa karibu kwa saa chache zilezile, na nusu zake za kaskazini zilikuwa gizani. Mpaka sasa hatuna picha zake za maana. Miranda, kilomita 470 tu, ilipigwa vizuri: ina mwamba wima, Verona Rupes, unaokadiriwa kilomita 20.

Neptuni ilionekana Septemba 23, 1846, na Johann Galle, ndani ya digrii moja ya mahali alipopataja Le Verrier kwa hesabu. Siku 17 baadaye William Lassell akauona Triton, na papo hapo sayari ikawa inapimika: siku 5.88, kilomita 354,760, jibu kilo 1.02 × 10²⁶, Dunia 17. Linganisheni na Utaridi na Zuhura, jirani zetu, ambazo hazina mwezi na uzito wake ulibaki makadirio mpaka vyombo vya anga vilipopita.

Triton unazunguka kinyume na sayari inavyojizungusha. Mwezi mkubwa hauzaliwi hivyo, ulinaswa ukitoka nje. Unaendelea kushuka polepole na baada ya miaka bilioni 3.6 hivi utakuwa karibu mno, mvuto utauvunja. Na pamoja na nyuzi 235 chini ya sifuri, Voyager 2 ilikuta nguzo za nitrojeni zikipanda kilomita 8.

---

BintiFalaki

Kwa watazamaji: Uranusi ni daraja la 5.7 na sekunde 3.7 za tao, ukuzaji wa 150 unaionyesha kuwa diski. Neptuni ni 7.8 na sekunde 2.3, anza na 200 na anga iliyotulia. Kosa la kawaida ni kuzitafuta kwa rangi ya picha. Ile buluu nzito ya Neptuni ilitokana na kukoleza picha za Voyager ili mawingu yaonekane. Mwaka 2024 Patrick Irwin wa Oxford na wenzake walizirekebisha, na sayari hizo mbili karibu zinafanana, buluu-kijani iliyopauka, Neptuni ikizidi kidogo tu. Kwenye lenzi tafuta nyota isiyometameta na yenye ukingo. Ukiwa na shaka, rudi baada ya siku nne au tano. Nyota haitakuwa imehama.

---

Kimondo

Idadi ya miezi jamani isiwe mashindano. Machi 2025 ilitangazwa 128 mipya ya Zohali kwa mpigo, ikafika 274, na karibu yote hiyo ni mawe ya kilomita chache yaliyonaswa au kuvunjikavunjika, mengi yakizunguka kinyume.

---

Mzingo_Mrefu

Swali kwa FundiAntena: Dragonfly, chombo cha kuruka kwa rafadha, inakwenda Titan, na bahari za methani zote kubwa, Kraken Mare na Ligeia Mare, ziko ncha ya kaskazini. Kwa nini inatua karibu na ikweta, kwenye matuta ya mchanga?

---

FundiAntena

Redio tena, mkuu. Mpango ni kurushwa 2028 na kufika 2034. Mwaka wa Zohali ni miaka 29.4 yetu, na wakati huo kaskazini ya Titan itakuwa kwenye majira ya baridi: Jua haliinuki juu ya bahari hizo, na ukiwa umbali ule Dunia iko upande uleule na Jua. Antena ingekuwa inatazama chini ya upeo kwa miaka. Cassini ingekuwepo ingepokea na kurusha, lakini safari hii hakuna chombo cha kuzunguka juu.

Kuruka kwenyewe si tatizo. Hewa ya Titan ina mkandamizo wa mara 1.5 ya yetu na kwa baridi ya nyuzi 179 chini ya sifuri ni nzito takriban mara nne, huku mvutano ukiwa sehemu moja ya saba. Rafadha nane zinatosha. Umeme wa plutoni ni mdogo mno kurusha chombo moja kwa moja, kwa hiyo unachaji betri polepole usiku wa Titan, ambao ni siku nane zetu, betri inatumika kurukia mchana Dunia ikiwa juu ya upeo. Lengo ni kasoko cha Selk: huko pigo liliyeyusha barafu, maji yakachanganyika kwa muda na kampaundi za kaboni za juu ya uso, kisha yakaganda tena. Sampuli hiyo baharini huipati.